Maji Hayana Kosa

(Hotuba ya mwenezi wa chama mbele ya wanachama wa tawi lake, waliokutana Jumapili kuzungumza habari za jengo la zahanati. Twaichapa kama alivyoisema.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu wanachama wote,

Nimeambiwa nisimame niseme juu ya zahanati yetu. Nitasema. Lakini kabla ya kufika kwenye zahanati nataka niwapeleke mbali kidogo, mpaka kando ya Mto Tana, katika nchi ya Kenya, mahali paitwapo Hola. Mwisho wake mtaona kwa nini nimepita njia hii ndefu.

Mwaka 1959 pale Hola palikuwa na kambi ya watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na katika miaka ile maelfu kwa maelfu ya watu walifungiwa makambini bila ya kuhukumiwa na mahakama yo yote. Wale wa Hola walikuwa ndio walioitwa wagumu. Walikataa kufanyishwa kazi kwa nguvu. Walisema: sisi si wafungwa wa kuhukumiwa, basi kwa nini tufanyishwe kazi ya wafungwa?

Mkubwa mmoja wa magereza, jina lake Cowan, akaandika mpango. Watu hao watolewe vikundi vidogo vidogo, wapelekwe kazini, na wakikataa walazimishwe kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1959 wakatolewa watu 85 kwa siku moja, wakapelekwa kuchimba mifereji. Askari wakawapiga kwa marungu. Watu 11 wakafa, na wengine wengi wakaumia vibaya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye habari yangu ya leo. Serikali ikatoa tangazo kwa magazeti. Tangazo lilisema kwamba vifo vilitokea baada ya watu wale kunywa maji kutoka katika gari la maji, na kwamba maji yale yale yalinywewa na wote, hata na askari waliowalinda. Basi. Rungu halikutajwa. Mkono ulioshika rungu haukutajwa. Yaliyotajwa ni maji.

Mwaweza kujiuliza wenyewe: maji gani hayo yenye akili, yanayomjua mfungwa na kumwacha askari? (Kicheko.)

Mnacheka. Mimi pia nilicheka niliposoma habari hizi kwa mara ya kwanza nilipokuwa chuo cha ualimu. Lakini leo nawaomba tusicheke bado.

Habari haikuishia kwenye maji. Madaktari waliitazama miili ya marehemu, na mwezi wa Mei 1959 Hakimu Goudie, aliyechunguza vifo vile, akatoa uamuzi kwamba watu wale walikufa kwa kupigwa. Hapo maji yakakauka. Je, aliyeua akashtakiwa? La. Ikasemwa kwamba haiwezi kujulikana ni nani hasa aliyempiga nani. Walikuwa wengi, na fujo ilikuwa kubwa, basi hakuna mmoja aliyefanya. Ndugu zangu, hesabu hiyo sikufundishwa chuoni. Watu wengi wametenda jambo moja, na jumla yake ikawa sifuri!

Itazameni lawama ilivyotembea. Askari walikuwa na amri ya mkuu wao. Mkuu wao alikuwa na mpango uliotoka kwa wakubwa zake. Wakubwa zake wakasema kwamba mpango haukufuatwa kama ulivyoandikwa. Na kule London Waziri wa Makoloni, Bwana Lennox-Boyd, hakujiuzulu kwa ajili ya Hola. Lawama ilipanda ngazi ikashuka ngazi, kila mlango ikabisha hodi, na kila mlango ikaambiwa: hapa sipo, jaribu kwa jirani.

Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 jambo hili lilizungumzwa katika Bunge la Uingereza. Mmoja wa waliosema kwa ukali alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama kile kile kilichoshika serikali. Mtu huyu hakuwa rafiki yetu. Mwaka 1968 alitoa hotuba mbaya juu ya watu weusi waliohamia Uingereza, na hotuba hiyo yakumbukwa mpaka leo. Lakini usiku ule alisema neno la kweli, na neno la kweli hulikatai kwa sababu ya mdomo uliolitoa. Alisema kwamba lawama ya kitendo kile haiwezi kusukumwa chini na kuachwa huko, na kwamba Mwingereza hawezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwao na kipimo kingine katika Afrika.

Miaka ikapita. Mwaka 1963 Kenya ikapata Uhuru. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, wake kwa waume, walioteswa katika miaka ile ya Hali ya Hatari, wakaishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Mmoja wao alikuwa amenusurika pale pale Hola. Mwajua walijibiwa nini? Serikali ya Uingereza ilisema kwamba deni hilo, kama lipo, lilihamia kwa serikali ya Kenya siku ile ya Uhuru! (Sauti: Ala!) Naam. Yaani tulipokabidhiwa bendera tulikabidhiwa na rungu lao pia. Jaji akalikataa neno hilo mwaka 2011. Wakaja na jingine, kwamba siku zimepita mno, mambo haya ni ya zamani. Hilo nalo likakataliwa mwaka 2012. Na wakati kesi yaendelea, yakajulikana majalada mengi ya makoloni yaliyokuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park, Uingereza.

Basi tarehe 6 Juni 2013, William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, akasimama Bungeni akasema serikali yake yasikitika. Wakalipwa watu 5,228, na jumla yake pamoja na gharama za kesi ilikuwa pauni milioni 19.9. Lakini hata siku ile serikali hiyo ilisema kwamba kwa sheria haikubali kuwa mdaiwa. Kutoka maji mpaka masikitiko ilikuwa miaka 54. Wengi waliostahili kuyasikia masikitiko hayo walikuwa wamekwisha zikwa.

Ndugu wanachama, nimewaeleza habari hii kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, yafaa kila mwanachama aijue. Ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Ni rahisi sana kuona kisingizio kinapotoka kinywani mwa mkoloni. Twakiona kutoka mbali, kama moshi wa nyumba inayoungua. Lakini cha kwetu wenyewe twakiita kwa majina mazuri.

Mimi ni mwalimu, basi nivumilieni niseme kidogo juu ya lugha. Mtoto akiangusha chungu hasemi, "Mama, nimevunja chungu." Asema, "Mama, chungu kimevunjika." Kwa herufi chache alizotia katika lile neno, yeye mwenyewe ametoka nje ya nyumba. Chungu kimejivunja chenyewe, naye alikuwa akipita tu. (Kicheko.) Hilo si kosa la lugha yetu. Ni lugha nzuri, na neno hilo lina kazi zake za halali. Lakini sisi watu wazima tumelifanya pango la kujificha. Mweka hazina asema fedha zimepotea. Katibu asema barua imechelewa. Mjumbe asema mkutano umeshindikana. Zimepotea, imechelewa, umeshindikana. Ni nani aliyepoteza? Ni nani aliyechelewesha? Ni nani aliyeshindwa? Tangazo la Hola nalo lilisema vifo vilitokea. Ndilo neno letu lile lile, ila limevaa kofia ya serikali.

Na tukibanwa zaidi twaongeza wakubwa wawili wasioweza kuitwa kamatini wajibu. Wa kwanza ni Shetani. Mtu amekula fedha ya ushirika mwaka mzima, mwezi hata mwezi, kisha asema Shetani alinipitia. Shetani gani huyo anayepita kila mwisho wa mwezi kama mshahara? (Kicheko kikubwa.) Wa pili, na hapa nasema kwa heshima, ni Mwenyezi Mungu. Twasema ni amri ya Mungu. Yako mambo ambayo ni amri ya Mungu, na mbele yake twanyamaza. Lakini tusimtwike Mungu mizigo tuliyoiacha sisi njiani.

Sasa nafika kwenye zahanati.

Mwaka jana tuliamua kujenga wenyewe. Mama zetu walisomba maji, vijana wakafyatua matofali, wazee wakatoa miti. Kuta nne zikasimama. Mwezi wa Septemba mlinikabidhi mimi fedha za mabati, tena mbele ya macho yenu nyote, niende mjini kununua wiki ile ile. Sikwenda. Wiki ile nilikwenda kwenye mkutano. Wiki ya pili nilikwenda kwenye mkutano mwingine. Wiki ya tatu nilikuwa na arusi ya rafiki yangu. Nilikuwa nasema moyoni, jua bado kali, muda upo. Mwezi wa Novemba mvua ikanyesha. Matofali yetu yalikuwa mabichi, hayakuchomwa. Yakaloa siku nne, na siku ya tano kuta tatu zikaanguka.

Nikakaa chini nikaandika ripoti kwa wakubwa wangu wa wilaya. Niliandika hivi, kwa mkono wangu: "Kuta ziliangushwa na mvua kubwa isiyotazamiwa." Nikatia sahihi. Nikaona nimeandika Kiswahili safi.

Siku chache baadaye mzee mmoja wa hapa, ambaye yupo kati yenu wala sitamtaja, alinikuta njiani. Hakuniita mwizi, wala hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: "Mwanangu, mimi nimeishi hapa zaidi ya miaka sabini. Niambie, ni mwaka gani ambao mwezi wa Novemba hatukutazamia mvua?" Nikatafuta jibu, sikulipata. Usiku ule sikulala. Nilikumbuka gari la maji la Hola, nikaona kwamba na mimi, nilipobanwa, nilikimbilia mahali pale pale. Nilisingizia maji.

Sisemi kwamba kuta za udongo ni sawa na roho za watu 11. La, hasha. Wale waliua kisha wakasema uongo, na damu hailingani na matofali. Ninasema kwamba njia ya kutorokea ni moja, naye anayeizoea kwa jambo dogo ataijua vizuri siku ya jambo kubwa. Na wala jambo letu si dogo sana. Mwezi wa Januari mama mmoja wa kijiji hiki alishikwa na uchungu usiku, akabebwa kwa kitanda kupelekwa hospitali ya wilaya, akajifungulia njiani, penye giza. Mtoto yu hai. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wale wanawake wawili waliokuwa naye. Lakini mtoto yule kuwa hai si kwa kazi yangu. Mimi nilikuwa nimekwisha fanya yangu.

Baadaye nilikwenda nikanunua mabati. Yamo ghalani, mwaweza kuyahesabu. Kwa muda mrefu nilijifariji nikisema: sikuiba hata senti moja. Hayo pia nimeona kuwa ni kisingizio. Mlinipa fedha ili mpate dari juu ya vichwa vya wagonjwa. Kutoziiba ilikuwa ni mwanzo tu wa kazi, na mimi nimeufanya mwanzo kuwa sifa.

Huenda mtu akasema, mbona kamati haikumwuliza? Mbona mafundi hawakufunika kuta kwa makuti? Sitayasema mimi maneno hayo. Nikianza kuhesabu makosa ya wenzangu nitakuwa nimefungua duka jipya la bidhaa ile ile. Kila mmoja ana kinywa chake.

Na yuko atakayesema: lakini, Mwalimu, mbona huanzi kwa mkoloni? Kama angalitujengea zahanati tangu zamani, tusingalikuwa na shida hii. Ni kweli. Katika kijiji hiki mkoloni alichukua kodi, wala hakuacha zahanati. Hiyo ni sababu ya kweli, na lazima tuwafundishe watoto wetu. Lakini mkoloni hakunizuia mimi kupanda basi mwezi wa Septemba kwenda kununua mabati. (Makofi.)

Hapa tutofautishe maneno. Wazee wetu wana neno udhuru, na wana neno kisingizio. Mtu aliyefiwa, mtu aliyelala kitandani kwa homa, mtu ambaye mto umefurika mbele yake, huyo ana udhuru. Apokewe kwa heshima, apewe pole. Kisingizio ni kuvikwa kwa kitu kingine nguo ya kosa langu. Vyafananaje? Mwenye udhuru hutuma habari mapema, ili kazi ifanywe na mwingine. Mwenye kisingizio hunyamaza mpaka kazi imeharibika, ndipo maneno yamjaapo tele. Na mwenye udhuru huuliza tufanye nini sasa. Mwenye kisingizio ataka tu mazungumzo yaishe. Wahenga walikwisha sema: mbaazi ukikosa kuzaa husingizia jua.

Nami nisingependa mdhani kwamba kwetu hakuna mfano mwema. Upo. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga watu waliokuwa wamekamatwa waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa watu wa usalama. Mwinyi hakumpiga mtu, wala hakuagiza mtu apigwe. Angaliweza kusema yale yote yaliyosemwa kwa ajili ya Hola, kwamba yeye alikuwa Dar es Salaam, kwamba waliotenda ni wadogo, kwamba amri haikufuatwa. Akajiuzulu. Alisimama penye kiti ambacho jina lake lilikuwa juu yake. Je, alipotea? Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Tanzania nzima. Sisemi kila anayejiuzulu atakuwa Rais, msije mkaandika barua wote kesho. (Kicheko.) Nasema kwamba watu hawakumwona mdogo kwa sababu ya kukubali mzigo. Na waliokufa hawakurudi; hilo nalo tusilisahau. Kuwajibika hakufuti kosa, bali huzuia kosa lisizae jingine.

Basi nina maneno matatu ya kuwaomba, kisha nikae.

La kwanza, katika ripoti za tawi letu, kuanzia leo, tuandike jina. Tusiandike fedha zimepotea. Tuandike fulani alipewa kiasi fulani, siku fulani, akafanya hivi. Kila kazi iwe na mwenyewe na siku yake ya kwisha, na mkutano unaofuata uanze kwa kumwuliza huyo. Kazi ya wote isiyo na jina ni yatima.

La pili, tusimtafute mnyonge wa kubeba lawama. Mara nyingi jambo likiharibika, wakubwa hukaa chini ya mwembe wakamtoa mlinzi wa ghala, au karani, au kijana asiye na mjomba. Hicho nacho ni kisingizio, ila kimepewa miguu miwili. Aliyeamuru ajibu kwa amri yake, aliyetenda ajibu kwa kitendo chake, na aliyenyamaza ajibu kwa kunyamaza kwake.

La tatu, na ndilo gumu, tusimfukuze anayesema kweli mapema. Akija mtu jioni akasema, "Ndugu zangu, nimekosa, kazi itachelewa," tukamzomea kama tunavyomzomea aliyeficha mwaka mzima, basi tumewafundisha wengine wote kuficha. Mtoto anayepigwa kwa kusema amevunja chungu ndiye anayejifunza kusema chungu kimevunjika. Tumfundishe nini?

Mimi nimeandika upya ripoti ile ya Novemba. Imo mikononi mwa Mwenyekiti, na nakala imekwenda wilayani. Inasema: kuta zilianguka kwa sababu mimi, mwenezi wa tawi, sikununua mabati kwa wakati. Chini yake iko barua ya kuiacha kazi hii. Uamuzi ni wenu, na nitatoka nje mzungumze bila ya kuogopa uso wangu. Mkisema niendelee, nitaendelea. Mkisema niondoke, nitaikabidhi mihuri na daftari leo leo. Lakini kwa vyo vyote vile, Jumatatu alfajiri nitakuwa pale kiwanjani na jembe langu, kwa sababu matofali hayaulizi kama mtu ana cheo. Tumebakiwa na miezi michache ya jua. Safari hii tuyachome matofali, na tuezeke kabla ya Septemba kwisha.

Mvua itakuja Novemba. Twajua wote kwamba itakuja.

Uhuru na Kazi!

(Makofi. Wanachama walizungumza kwa muda wa saa mbili, mwenezi akiwa nje. Waliamua aendelee na kazi, na kwamba ripoti yake mpya isomwe katika matawi yote ya wilaya. Wajumbe wawili wa kamati ya ujenzi nao walisimama wakaomba majina yao yaongezwe katika ripoti hiyo.)